Mkwe na Mama Mkwe Darasa Moja

Maji ya bahari yalipoanza kutoka na kuuacha mchanga wazi, Bi Mwatima alijifunga kanga kiunoni akateremka pwani ya kijiji cha Uroa. Wanawake wenzake walikuwa washatangulia. Kila mmoja alikuwa na shamba lake la mwani baharini: vijiti vimechomekwa mchangani, kamba zimevutwa baina yake, na matawi ya mwani yamefungwa kwenye kamba.

"Mwatima, leo unakwenda skuli?" aliuliza jirani yake, Mwanapili.

"Nnakwenda."

"Kusoma au kusinzia? Nasikia mwalimu akikuita unakuwa bubu!"

Wanawake walicheka. Bi Mwatima naye alicheka, lakini maneno yale yalimchoma.

Ulikuwa mwaka 1998. Wageni wa hoteli walikuwa wakipita pwani, wakiwatazama wanawake na kuwauliza maswali. Hakuna aliyeweza kuwajibu. Meneja wa hoteli akapata wazo. Alitaka mwanamke mmoja wa kuwatembeza wageni kwenye mwani na kuwaeleza kazi hiyo kwa Kiingereza. Angempa mshahara. Kama mtu wa Uroa asingepatikana kabla ya Ramadhani, angemleta mtu kutoka mjini.

Bi Mwatima aliitaka sana kazi ile. Mumewe alikuwa amefariki. Bei ya mwani ilikuwa imeshuka, na mgongo wake ulikuwa umechoka kubeba magunia mabichi. Na nani aliyeujua mwani kuliko yeye?

Darasa la Kiingereza lilikuwa skulini, baada ya sala ya alasiri. Mwalimu alikuwa Zahran, kijana wa mjini, mpole na mwenye bidii. Alifundisha watu wote kwa kitabu kimoja. Kitabu kile kilieleza habari za watu waliopanda treni na kuvaa makoti mazito kwa sababu ya baridi.

"Mmefahamu?" aliuliza mwalimu kila mara.

"Tumefahamu!" walijibu wote. Wengi hawakufahamu, ila hawakupenda kumvunja moyo.

Siku moja Bi Shariffa alikuja kutoka mjini kulitazama darasa. Bi Shariffa alikuwa msimamizi wa elimu ya watu wazima, na yeye mwenyewe alifundisha miaka mingi. Alikaa pembeni, akiwatazama wanafunzi.

"Bi Mwatima, leo zamu yako," alisema Mwalimu Zahran. "Tusomee, mama."

Bi Mwatima alisimama. Alifungua kitabu. Akatazama safu ya mbele, alipokaa kijana mmoja mvuvi aitwaye Mcha. Mcha aliinamisha kichwa. Bi Mwatima akavuta kanga mpaka mdomoni, akakaa. Watu wawili watatu wakacheka chini chini.

Darasa lilipomalizika, Mwalimu Zahran alimwita pembeni.

"Mama yangu, usinifahamu vibaya. Nnaona masomo haya yanakupita. Afadhali uanze tena mwakani, pamoja na wanafunzi wapya."

"Na ile kazi ya hoteli?"

"Meneja ameniomba nimpe jina la mtu. Sina jina la kumpa."

"Haya, mwanangu," alisema Bi Mwatima. Akaenda zake.

Bi Shariffa alimsogelea mwalimu. "Zahran, mama yule midomo yake ilikuwa ikisoma."

"Midomo?"

"Kila ulichosoma alikifuata kwa midomo, bila ya sauti. Twende kwake tukamjulie hali."

Walipofika karibu na nyumba, walisikia mtu akisema Kiingereza jikoni. Alikuwa akitaja nazi, kisu, moto na maji. Kisha akasema sentensi nzima, na matamshi yake yalikuwa mazuri. Mwalimu Zahran alidhani ni redio.

"Hodi!"

"Karibuni!" Bi Mwatima alitoka na mbuzi ya kukunia nazi mkononi. Alipomwona mwalimu, alitaka kurudi ndani.

"Shikamoo, mama," alisema Zahran. "Kumbe unajua! Basi kwa nini darasani husemi?"

Bi Mwatima alitazama chini. Binti yake, Nadhira, ndiye aliyejibu kutoka jikoni.

"Atasemaje mbele ya Mcha?"

"Mcha ana nini?"

"Si mume wangu huyo! Mama hali naye sahani moja, hakai naye mkeka mmoja. Sasa asimame akosee maneno, watu wamcheke, na mkwewe anasikia? Haya ataziweka wapi?"

"Na Mcha naye?" aliuliza Bi Shariffa.

"Mcha hali yake ni hiyo hiyo. Hamuoni kila akiitwa anashikwa na kikohozi? Mume wangu haumwi kifua. Anamwonea haya mama."

Mwalimu Zahran alishika kichwa. "Mama, kwa nini hukunambia?"

"Nikwambie nini, baba? Nikutoe makosa weye, na mie ndiye niliyekuja kusoma?"

Njiani Bi Shariffa alimwambia, "Zahran, hukufanya kwa ubaya. Lakini mtu mzima haji darasani mikono mitupu. Anakuja na kazi yake, watu wake na haya zake. Ukimfundisha bila ya kuyajua hayo, unafundisha ukuta."

"Nifanyeje?"

"Waulize. Kila mtu anataka Kiingereza cha nini? Akitumie wapi? Kitu gani kinamzuia? Lakini usiwaulize mbele ya watu. Muulize mmoja mmoja, pembeni."

Siku ya pili mwalimu alikaa barazani, akamwita kila mwanafunzi peke yake. Alistaajabu. Mcha alitaka kuuza pweza na samaki hotelini bila ya dalali. Kijana Kificho alitaka kuwatembeza wageni msitu wa Jozani na kuwaonyesha kima punju, wale wenye mgongo mwekundu. Mzee Abrahman alisema, "Mie redio tu, mwanangu. Wale wanasema saa nzima. Nataka nijue wanagombana au wanasalimiana."

Hakuna hata mmoja aliyetaka habari za treni.

Mwalimu aliligawa darasa. Siku nyingine wanaume walisoma peke yao, na siku nyingine wanawake. Kila kikundi kilisoma maneno ya shughuli zake. Mambo ambayo wote walihitaji, kama vile salamu na hesabu, walisoma kwa mazungumzo, vitabu vikiwa vimefungwa, wawili wawili, mtu na mwenzake aliyemchagua. Sasa Mcha alisoma kwa sauti kubwa, na kikohozi kikapona.

Asubuhi maji yakitoka, mwalimu aliwafuata wanawake baharini. Alikunja suruali akajifanya mgeni wa hoteli.

"Mwani huu mnakula?" aliuliza kwa Kiingereza.

Bi Mwatima alijibu, lakini alikosea maneno mawili. Mwanapili, ambaye sasa naye alikuwa akisoma, akapasuka kwa kicheko.

"Cheka, lakini zamu yako inakuja," alisema Bi Mwatima. "Utajibu kwa Kiingereza au kwa meno?"

Safari hii yeye mwenyewe alicheka. Mwalimu hakumkatiza. Alimwacha amalize, kisha akalisema jibu lile kwa usahihi, na Bi Mwatima akalirudia. Palipokuwa na neno ambalo mwalimu halijui hata kwa Kiswahili, wanawake walimfundisha yeye.

"Wageni wakisema mbio mbio nitafanyaje?" aliuliza Bi Mwatima.

"Waambie waseme pole pole. Si aibu. Hata mimi huwaambia."

Wiki mbili kabla ya Ramadhani, mwalimu alimpa meneja jina la Bi Mwatima, wakaja pwani pamoja na wageni watatu. Bi Mwatima aliwasalimu. Aliwapeleka kwenye mwani, akawaonyesha kamba, akawaeleza jinsi ya kupanda, kuvuna na kuanika. Mgeni mmoja aliuliza jambo kwa haraka.

"Sema pole pole, tafadhali," alisema Bi Mwatima kwa Kiingereza.

Mgeni akarudia. Alitaka kujua samaki wanakula mwani au hawali. Bi Mwatima alimwonyesha tawi lililotafunwa. Wageni wakacheka, wakauliza mengine, naye akajibu.

Meneja alifurahi. Alisema kwa Kiingereza, "Kazi ni yako. Utawaleta wageni hapa kila siku, saa nne asubuhi."

"Hapana," alisema Bi Mwatima.

Wanawake wote waliinua vichwa. Mwalimu Zahran alisogea karibu. Sentensi za kumjibu meneja hawakuwahi kusoma.

Bi Mwatima alinyoosha mkono kuelekea baharini. Alisema taratibu, neno baada ya neno. "Leo saa nne, maji hakuna. Wiki ijayo saa nne, maji mengi. Mwani huuoni. Mimi najua saa. Mimi nitakwambia, wewe utawaambia wageni."

Meneja alimtazama, kisha akaitazama bahari. Akatoa kalamu mfukoni.

"Basi nipe saa za maji kutoka za wiki hii," alisema.

Bi Mwatima akampa.