Nilimtafsiria Mama Uongo

Nina miaka thelathini na sita, mzaliwa wa Bukavu, naishi Fridley na mama yangu mzazi... au niseme nilikuwa naishi naye. Wasomaji wenzangu, nisikilizeni kwanza, kisha mnihukumu mtakavyo!

Mama alianza kusahau mwaka wetu wa pili hapa Minnesota, Marekani. Mara ameacha jiko linawaka, mara ananiita kwa jina la marehemu shangazi. Mchana mimi nilikuwa kiwandani, yeye akishinda peke yake. Kanisani nilisema ni uchovu tu. Mimi, kiongozi wa kwaya, nitangaze kwamba mama yangu amechanganyikiwa? Wangenionaje?

Hospitali ikatuletea mama mmoja wa Kizungu, Linda, ambaye kazi yake ni kuzipangia msaada familia zenye wazee. Mpole kwelikweli! Alitaka kuja na mkalimani, lakini mkalimani mwenyewe alikuwa mzee wa kanisa letu. Nikakataa katakata, nikasema nitatafsiri mwenyewe.

Siku hiyo mama alivaa kitenge chake kizuri. Linda akamuuliza anajisikiaje akibaki peke yake. Mama akanishika mkono.

"Muambie niko naogopa," alisema. "Kuko saa sijue hata fasi niko. Anitafutie mutu wa kubaki na mimi."

Alikuwa amekiri kwamba kuna saa hajui hata mahali alipo, na mimi nikamgeukia Linda, nikatabasamu, nikamwambia kwa Kiingereza kwamba mama anashukuru, anajipikia, hahitaji mtu... Mungu wangu! Kwa mdomo huu huu ninaoimbia kanisani! Linda akauliza tena, nikarudia uongo ule ule. Akaondoka bila kutupangia msaidizi wa mchana.

Januari, nikiwa kazini, mama alitoka nje na kandambili, eti anaenda sokoni. Soko gani, katika theluji ile? Jirani alimkuta ameanguka kwenye maegesho ya magari. Baridi ilikuwa imeshamla. Madaktari wakamkata vidole vyote vya mguu mmoja, na hakutembea tena.

Linda akaja hospitalini, safari hii na mkalimani mwingine. Wala hakunikaripia. Alimuuliza mama polepole kama aliwahi kumwambia mtu yeyote kuwa anaogopa kubaki peke yake. Nilitamani ardhi inimeze! Mama akanitazama.

"Hapana," akajibu. "Sikuambia mutu. Mwana wangu hana kosa."

Alinifichia aibu yangu, jamani! Na mimi, badala ya kusema ukweli, nilinyamaza...

Sasa mama yuko kwenye nyumba ya wazee huko Oakdale. Nilipopata ujasiri wa kumpigia magoti na kumwomba msamaha, alinipapasa kichwa kwa huruma.

"Usilie, dada," akaniambia. "Mwana wangu anakuja kunitosha hapa, anirudishe ku nyumba. Atakusaidia na wewe."

Ndugu zangu, mtu wa msaada akibisha hodi, mfungulieni na mumwambie mambo yalivyo. Mkalimani akiwa mzee wa kanisa, mwacheni aingie. Akienda kusema, na aseme! Mimi niliogopa maneno ya watu, na leo mama yangu ananisubiri dirishani huku nimekaa kando yake.