Tope la Kamanga

Jumatatu asubuhi, Machi 1995, kufuli la chumba cha barafu katika kiwanda cha samaki Ilemela lilikutwa limefungwa vizuri kabisa. Ndani, mabomba matatu ya tope hayakuwepo.

"Tope?" Inspekta Paskazia aliuliza. "Ziwa lote hili, mtu aje kuiba tope?"

"Si tope tu, Afande," alisema Dakta Nathaniel Kashindye, mtafiti wa hali ya hewa wa chuo kikuu. "Mvua za kila mwaka huacha tabaka lake chini ya ziwa. Nalichimba kwa mabomba, na humo nasoma ukame na mafuriko ya maelfu ya miaka. Mabomba tisa yanapanda ndege kesho kwenda kupimwa Ulaya. Mkataba unasema tisa. Yakipungua, wafadhili wanajitoa, na kazi yangu ya miaka sita imekwisha."

Mlinzi aliapa kwamba Jumapili hakuingia mgeni. Inspekta akamwita meneja, Ngosha, ambaye tangu minofu ya sangara ianze kuuzwa nje alikuwa akilalamika hadharani kwamba tope linamjazia chumba.

"Ni kweli nililalamika," Ngosha alisema. "Lakini mimi ningetupa yote tisa! Nibakize sita ya nini?"

Inspekta aliliandika hilo daftarini. Akamgeukia Revocatus, mwanafunzi wa Daktari.

"Shikamoo, Afande."

"Marahaba. Nasikia uligombana na mwalimu wako."

"Tuligombana. Yaliyoibwa yote ni ya kivukoni Kamanga, yameandikwa hivyo. Tope la pale limevurugwa na vivuko. Nikamwambia tuchimbe kwingine, akanifokea. Tumerudi pale mara tatu."

"Ukaona uyatupe?"

"Sina ufunguo. Anao meneja na Daktari tu. Halafu Afande, ningewezaje? Odongo, mtoto wa Daktari, alizama palepale mwaka juzi. Mwili haukuonekana."

Inspekta alifunga kalamu yake. Masikini weee! Alijua sasa aende wapi, na hakutaka kwenda.

"Daktari, ufunguo wako hukaa wapi?"

"Nyumbani, mfukoni mwa koti."

Inspekta akaongozana naye hadi nyumbani kwao, juu kwenye mawe. Uani palikuwa na tuta la udongo mbichi. Kando yake aliketi Ajwang, mke wa Daktari, Mjaluo wa Shirati, kichwa kimefungwa kitambaa. Inspekta alivua kofia.

"Shikamoo, mama. Pole kwa msiba."

"Marahaba, mwanangu. Asante." Kisha akamtazama mumewe. "Ndiyo, ni mimi niliyeyachukua, kwa ufunguo wa kotini. Mlinzi ananijua, nimempelekea huyu mume wangu chakula pale mara ngapi? Kwetu mtu akipotelea majini tunazika tunda refu la mti wa mwegea badala yake, apate kulala. Huyu akakataa, eti msomi haziki tunda. Miaka miwili mwanangu anatangatanga! Juzi naona bomba limeandikwa Kamanga. Baba Odongo, umemchimba mtoto wako ukamweka kwenye barafu pamoja na samaki?"

"Revocatus anasema tope lile halifai," Inspekta alimwambia Daktari taratibu. "Ulikuwa unafuata nini Kamanga?"

"Yeye," alisema Daktari. "Kila bomba likipanda nilitazama. Labda kifungo cha shati. Labda chochote. Tunda nililikataa kwa sababu ukishazika, umekubali. Mimi sikuweza kukubali, Ajwang. Sikuweza."

Ajwang alianza kulia. Alikuwa hajawahi kuambiwa hivyo.

Inspekta alijikaza, maana kazi ni kazi. "Mama, umeyapasua?"

"Hapana. Nimeyaviringisha mazima kwenye shuka la Odongo, nikayazika."

"Basi, Daktari, tukifukua sasa hivi yatawahi ndege. Na kesi naweza kuisahau. Ni wewe tu useme."

Daktari akavua viatu, akapiga magoti karibu na mkewe.

"Usiguse, Afande," alisema. Halafu akamuuliza Ajwang, "Umemlaza ubavu gani?"

"Wa kulia. Ndivyo mwanamume anavyolazwa kwetu."

Daktari akachota udongo kwa mikono miwili, akammwagia mwanawe.