Jicho la Kushoto

Mlangoni pa lile jengo lenye maduka ya vipodozi kuanzia chini hadi juu, watu walikuwa wakiingia na kutoka bila kutazamana. Katikati ya mlango, mahali ambapo mtu mwenye adabu zake hasimami, alisimama mwanamke akitikisa kichwa. Kushoto, kulia, kushoto, kulia. Alivaa gauni la kahawia na kilemba cheusi kilichokaa sawasawa juu ya uso usio na poda wala rangi ya mdomo. Macho tu ndiyo yaliyopambwa. Akigeuka huku yanawaka kijani, akigeuka kule yanawaka zambarau.

"Dada," sauti ya mwanamume ilisema nyuma yake, "nimeomba njia mara tatu, mara tatu umenikatalia. Nina ubaya gani?"

"Sijakukatalia. Naangalia rangi."

"Kwa kutikisa kichwa?"

"Hizi ni rangi za kinyonga. Ukitulia hazigeuki. Na wewe umenizibia mwanga."

Mwanamume alikuwa na stendi ya kamera begani na shati jeupe lililokunjwa mikono. Hakuondoka. "Mwanga wenyewe umeuchagua vibaya," alisema. "Jua la utosini linaua rangi. Sogea kidogo kivulini, utaona kitu."

"Nani amekuuliza?"

"Hakuna."

Mwanamke alisogea kwa hasira, ili amwonyeshe kwamba hajui asemalo. Kwenye kioo cha mlango, pembeni mwa ile kijani, ukachomoza uzi mwembamba wa dhahabu. Hapo ndipo alipokasirika kweli. Kwake yeye hakuna kosa lililozidi la mtu kuwa sahihi kabla hamjajuana.

Mjini walimwita Kope. Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye vyeti. Kazi yake ilikuwa kuzipaka rangi za macho na kuishi nazo. Asubuhi anapaka rangi moja jicho la kushoto na nyingine jicho la kulia, kisha anashinda siku nzima nazo saluni kwa dada yake, kwenye joto la madraya ya kukaushia nywele na mvuke wa maji ya moto, anakata vitunguu, anacheka, na kikimjia kilio analia. Jioni anaangalia kilichobaki. Hakusifu rangi wala hakuiponda. Ukurasani mwake aliweka picha ya asubuhi na picha ya jioni, chini ya kila jicho jina la rangi, basi. "Macho yajisemee yenyewe," alikuwa akisema. Wanawake walimwamini kwa sababu hiyo, na imani hiyo ndiyo iliyokuwa mali yake yote. Hakuwa na duka wala shahada. Alikuwa na neno lake tu.

Kabla msimu haujageuka, mpiga picha yule wa mlangoni alikuwa ndiye mwenye kuzipiga picha hizo, na jioni alikuwa hana haraka ya kuondoka.

"Umekula?" humuuliza kwa simu.

"Nimekula. Wewe umenipigia kuniuliza chakula?"

"Nimekupigia nisikie ukigomba. Siku haijaanza vizuri."

"Mshenzi wewe."

"Hapo sasa. Siku imeanza, laazizi."

Kope hukata simu kwa ghadhabu, kisha huiweka kifuani na kucheka peke yake, na dada yake, mikono imezama kwenye nywele za mteja, humwambia, "Haya, endelea kujifanya simba."

Siku ya balaa alikuwa akipima rangi mbili za kinyonga zilizofanana kama pacha, kijani kwenda zambarau, zote na chembe za kumetameta. Moja ilitoka kwenye duka kubwa, ndani ya sanduku la kung'aa. Nyingine ilichanganywa na mama mmoja mjane kwenye chumba chake cha nyuma, akaitia kwenye kopo dogo lisilo na hata karatasi. Wateja walimwita Mama Makopo. Kope alipaka ya sanduku jicho la kushoto na ya kopo jicho la kulia. Akakaa kitini, mpiga picha akampiga picha uso kwa uso, na Kope akamwambia kipi kiko wapi.

Mchana jicho la kushoto likaanza kuwasha. Jioni chembe zilikuwa zimemwagika hadi shavuni, nyingine zimeingia ndani, na jicho limeiva. La kulia lilikuwa limetulia kana kwamba limepakwa saa ile ile. Kope alikuwa ameinama mbele ya kioo cha saluni akijimwagia maji kwa kiganja mpiga picha alipofika.

"Geukia huku, mpenzi, nipige."

"Piga humo humo kwenye kioo! Mimi sisogei. Jicho linaungua, hulioni?"

Akapiga humo humo kwenye kioo. Kope akaenda kulala na kitambaa cha maji usoni. Mpiga picha, ambaye alijua kazi yake, alikaa kuandika majina. Alikuwa na mazoea yake: mtu akikutazama uso kwa uso, kushoto kwake ni kulia kwako, kwa hiyo siku zote aliyageuza. Siku hiyo pia akayageuza, picha ya asubuhi na ya jioni. Asubuhi yake Kope aliichungulia ile ya jioni kwa jicho moja zima, akauona uso wake kama anavyouona kila siku kwenye kioo, na akaridhika. Maandishi hakuyasoma.

Simu ilikuja mwisho wa wiki. Ilikuwa ya bibi harusi, na alikuwa analia.

"Umenifanya nini, dada Kope? Niko ukumbini, macho yamevimba, siwezi kuyafungua! Bwana harusi ananiuliza kama nimelazimishwa kuolewa!"

"Umepaka nini?"

"Ya sanduku! Si ndiyo uliyoonyesha imedumu? Nilikuwa nimeshanunua ya kopo, nikaigawa kwa ajili yako!"

Kope akafungua ukurasa. Chini ya jicho zuri palikuwa pameandikwa "sanduku". Chini ya jicho bovu, "kopo". Na chini zaidi, wanawake kwa mamia wakimcheka Mama Makopo, kwamba anauza unga wa kuta, kwamba atawapofusha watu.

Damu ilimchemka. Akakumbuka kwamba wiki ile ile mpiga picha alimwambia kwenye simu, kwa mzaha, kuwa amepata kibarua cha kupiga picha za rafu za duka la sanduku. Hakutafuta kingine. Alishavaa viatu.

Studio ya mpiga picha ilikuwa chumba kimoja chenye pazia jeupe na taa mbili. Alikuwa anamfuta mtoto wa mteja vumbi viatuni ili apigwe picha ya siku ya kuzaliwa. Kope hakujali mteja wala mtoto.

"Wamekupa nini?"

"Nani?"

"Usinifanye mjinga! Wa sanduku. Wamekupa nini ukageuza macho yangu?"

Mpiga picha alisimama polepole. "Kope, tulia. Sijageuza kitu. Nimeandika ulivyoniambia."

"Muongo! Mwenye kopo anatukanwa na mji mzima, mjane wa watu! Bibi harusi amefunga ndoa macho yamevimba! Jina langu umelitia kwenye matope, na ulikuwa unaniita laazizi!"

"Nipe dakika niangalie picha."

"Uangalie nini? Mtu akiuzwa anaangalia risiti?"

Yule mteja akamshika mtoto wake mkono, wakatoka. Mpiga picha aliurudisha mlango.

"Kwa hiyo hivyo ndivyo unavyonijua," alisema. "Mtu wa kununuliwa kwa sanduku la rangi."

"Ndivyo ninavyokujua."

"Basi toka. Sitaki kukuona."

Simu ikanyamaza. Asubuhi ikawa inaanza bila mtu wa kugombana naye, na Kope akawa anagombana na vitana, na mabeseni, na wateja wasio na hatia, mpaka dada yake akaweka chini mkasi.

"Mdogo wangu, utanimalizia wateja. Kama una hakika amekusaliti, fanya kipimo upya, weka picha ya kweli, yaishe. Ukinuna, Mama Makopo hapati hata mteja mmoja."

"Nitafanya. Na nitamtaja, dunia imjue."

Akapaka upya. Sanduku kushoto, kopo kulia. Alijua kitakachompata, na akakipokea akiuma meno. Akajipiga picha ya asubuhi kwa simu. Mchana ukaja mwasho, machozi yakaja, hasira ikamweka wima. Jioni, kwa kuwa hakuna wa kumpiga picha, alisimama mbele ya kioo cha saluni, akakipiga picha kioo. Akakaa akaandika majina kwa kufuata alivyomwona yule mwanamume akiandika: yangu ya kushoto inakaa kulia kwa picha, yangu ya kulia inakaa kushoto.

Dada yake alichungulia begani. "Mbona umeandika kinyume?"

"Kinyume wapi?"

"Hilo jicho jekundu umeliandika kopo. Si umepaka sanduku hilo? Nilikuona asubuhi, na ninaliona hapa linavyotiririka."

Kope aliitazama picha. Akajitazama kwenye kioo. Akaitazama picha tena. Kioo kilikuwa kimeshageuza kabla yake: ndani ya kioo, kushoto kwake hubaki kushoto. Yeye akageuza mara ya pili. Na nani aliyesema ipigwe kwenye kioo? Nani aliyesema hasogei?

Hasira aliyokuwa nayo haikupoa. Ilikosa pa kwenda, ikamrudia. Alikaa kwenye kiti cha kuoshea nywele akajitukana kwa maneno ambayo hajawahi kumtukania mtu, na dada yake akamwacha ayamalize.

Jioni hiyo hiyo alifungua kamera ya simu akajirekodi, jicho moja jekundu, jingine linawaka zambarau. Kwa mara ya kwanza alisema kwa mdomo. "Picha ile ilikuwa kinyume. Iliyodumu ni ya kopo. Iliyomwagika ni ya sanduku. Aliyekosea ni mimi, nilikataa kuondoka kwenye kioo, na sikusoma kabla ya kuridhika. Mama Makopo hana kosa. Aliyepiga picha hana kosa. Mnaotaka kunitukana, nitukaneni mimi."

Wakamtukana. Wengi wakamkimbia. Mama Makopo alimtumia ujumbe wa sauti mfupi: "Mwanangu, umechelewa, nimekesha nikilia. Lakini umefika." Kope aliusikiliza mara mbili akatamani angegombezwa.

Mpiga picha alikuwa shule moja ya msingi, anawapanga walimu kwenye ngazi kwa picha ya mwaka, wafupi mbele, warefu nyuma. Kope alifika na jicho lake bado limevimba, kilemba hakijafungwa vizuri.

"Fundi."

Hakugeuka. "Mwalimu wa hesabu, pandisha kidevu."

"Ni kioo. Ulipiga ndani ya kioo, majina yakaenda kinyume. Nimesema mbele ya watu wote kwamba kosa ni langu."

"Nimeona. Nilishagundua siku ile ile uliyotoka." Akarekebisha lenzi. "Nilishika simu nikuambie. Nikakumbuka ulichoniita, nikaiweka."

"Nisamehe."

"Kosa la kioo nimelisamehe, ni la wote wawili." Hapo akageuka, na Kope akaona uso ambao hakuwahi kuuona, umekunjamana na umechoka. "Lakini rangi iliyoletwa na mtu usiyemjua unaipa siku nzima, Kope. Asubuhi mpaka jioni, joto na maji na machozi, ndipo useme. Mimi nilikuomba dakika. Ukaninyima."

Kwenye ngazi kila mwalimu alikuwa akijifanya anatazama kamera.

Machozi yalimtoka Kope kwenye macho yote mawili, na hayakuwa ya mwasho.

"Nilikunyima," alisema. "Ni kweli."

"Nenda nyumbani ukaoshe jicho," alimwambia. "Nina kazi."

Akaenda. Aliosha jicho, akafagia saluni, akakaa. Aliiweka simu mbali, akaisogeza karibu, akaigeuza kifudifudi ili asiione. Ilipolia siku iliyofuata, dada yake ndiye aliyemtupia.

"Umekula?" sauti ilisema, na haikuwa na mzaha ndani yake.

"Sijala."

"Sikupigii kukubembeleza. Nimekasirika, na nataka unisikilize mpaka mwisho. Mteja wangu hakurudi na mtoto wake. Nimeshindwa kula. Nimeshindwa kufanya kazi. Kila mwanamke akitikisa kichwa barabarani nageuka. Umenivunjia heshima kwenye studio yangu mwenyewe, kisha ukaja kunililia mbele ya walimu, sasa shule nzima inanipa pole. Unasikia?"

"Nasikia."

"Mbona hunijibu? Gomba basi!"

"Sitaki kugomba. Unasema kweli."

Mpiga picha akavuta pumzi upande wa pili.

"Kesho jioni nakuja kuongea na dada yako," alisema kwa ukali. "Mwambie awepo."

"Unakuja kunishtaki?"

"Nakuja kukuomba. Nataka kukuoa, mwanamke wewe. Na usidhani nimekusamehe. Nitakuwa bado nimekasirika kesho, na keshokutwa, sijui mpaka lini."

Kope aliuegemeza ukutani ufagio aliokuwa akifagilia.

"Njoo nazo hizo hasira," alisema. "Zina nafasi hapa."