Jovina na Kibuyu cha Togwa

Kila asubuhi, katika mtaa wa Kizwite, Mama Silvana alimletea mkwewe Jovina kibuyu cha togwa, kinywaji kitamu cha ulezi. Alisema mjamzito asiposhiba togwa, mtoto hutoka mwembamba kama bua. Jovina, mwenye mimba ya miezi saba, alikunywa akashukuru.

Siku moja kliniki walimpima damu. Sukari ilikuwa juu. Kwenye foleni mwanamke mmoja akamnong'oneza kwamba mwenye kisukari huzaa mtoto mwenye saratani ya damu. Jovina alimkumbuka mtoto wa Luciana, jirani yao, aliyeugua saratani hiyo akavuja damu puani mpaka wakamzika.

Hakumwambia mtu. Siku ya kliniki ilipokaribia alishinda njaa siku mbili, akisema amefunga kwa sala. Mashine ya kupimia sukari ikasoma vizuri. Aliporudi, kibuyu kilikuwa kinamngoja, naye akanywa. Tumbo likazidi kuwa kubwa, na hofu nayo.

Alipofunga tena, alianguka bombani. Aliyemwinua ni Evodia, muuguzi, jirani wa nyumba ya tatu. Jovina akalia, akasema yote.

"Mashine umeidanganya, mdogo wangu," Evodia alisema. "Na huyo aliye tumboni, utamdanganya?"

"Ataugua saratani, dada?"

Evodia hakumficha. "Watafiti wameona hatari inaongezeka kidogo kwa watoto wa akina mama wenye kisukari. Sababu hawajaijua vizuri. Lakini ugonjwa huo ni wa nadra. Watoto walio wengi kabisa hawaupati. Ya kuogopa leo ni sukari isiyotulizwa. Mtoto hukua kupita kiasi, uzazi ukawa mgumu, hata mtoto akafa. Hilo tunaweza kupambana nalo."

Jioni Evodia akaenda kwa Mama Silvana, akamwamkia shikamoo, akamweleza kwamba togwa inampandisha Jovina sukari.

"Mimi nimezaa saba kwa togwa hiyohiyo," mama akasema.

"Ni kweli, mama. Ila wewe hukupimwa. Jovina amepimwa, tumejua."

Kesho yake Mama Silvana alileta maharage na mboga za majani badala ya kibuyu. Jovina akapunguza ugali, akawa anatembea kila siku, akatumia dawa alizoandikiwa kliniki. Kliniki hakukosa.

Alijifungua hospitali. Mtoto, Polikarp, alichomwa kisiginoni kupimwa sukari. Ilikuwa sawa. Baada ya wiki sita Jovina naye akapimwa tena, sukari yake ikawa imetulia.

Mpaka leo Polikarp akipata homa, Jovina huogopa na kusali. Ila hafichi tena hofu yake. Humfunga mgongoni akaenda naye kituo cha afya, na Mama Silvana ndiye anayetangulia njiani.