Jongoo Dume wa Velebit

Maji yalikuja kwa kishindo kabla Nevenka hajafunga kichupa chake. Juu huko, mlimani Velebit, mvua ilikuwa imeyeyusha theluji, na sasa mlima mzima ulikuwa ukijimimina ndani ya pango.

"Nilikwambia tutoke!" Grgur alifoka. "Dakika moja tu, dakika moja tu! Hata ndoa yetu uliiua hivyo hivyo."

"Uliiua mwenyewe. Kamata kamba!"

Walikuwa wameachana miaka mingi, lakini hakuna aliyelijua pango lile kama Grgur, wala aliyewajua jongoo kama Nevenka. Siku hiyo alikuwa amempata mmoja mweupe pe, asiye na macho, ambaye hakufanana na jenasi yoyote iliyowahi kuelezwa na wanasayansi. Ila huyo wa kichupani alikuwa jike, na jongoo hutambuliwa kwa viungo vya uzazi vya dume. Ndiyo maana aling'ang'ania kutafuta dume.

Wimbi likambwaga Grgur mwambani. Bega likateguka. Njia ya kutokea ikazama mbele ya macho yao.

"Sasa twende wapi?" aliuliza, meno yakigongana.

Nevenka akamulika huku na huku. Ndipo akawaona: jongoo weupe, kundi zima, wakipanda ukuta, wote upande mmoja.

"Wafuate hao."

Akamsukuma, akamvuta, mpaka wakajibana kwenye ufa chini ya paa. Mkono wa Nevenka mmoja ukamshika Grgur mkanda asiporomoke. Wa pili ukang'ang'ania jiwe. Maji yakafika magotini, kisha kiunoni. Grgur akaanza kusinzia, na usingizi wa baridi ni mauti.

Jongoo mmoja akapanda shavuni kwa Grgur, akasimama kwenye mwanga wa taa na kuinua sehemu ya mbele ya mwili. Nevenka akaviona viungo vya uzazi. Dume!

"Mchukue," Grgur akanong'ona.

"Kwa mkono upi?"

"Niachie kidogo tu."

"Nyamaza. Vipapasio virefu, vimepinda nchani. Rudia."

"Yuko usoni kwangu, mwanamke! Namwonaje?"

"Sikusema uone. Rudia!"

"Vipapasio virefu... vimepinda nchani."

"Pete ya saba ya mwili, ndoano mbili kama mundu. Usilale! Ndoano ngapi?"

"Mbili. Kali kama ulimi wako."

Wakaeleza umbo lake hivyo, kiungo kwa kiungo, hadi jongoo akaingia ufani na kupotea. Mkono wa Nevenka haukuuachia mkanda.

Maji yalipopungua, taa za waokoaji zikatokea. Kiongozi wao, Stipe, akamwuliza Grgur ameumia wapi.

"Bega. Na pete ya saba, ndoano mbili."

Stipe akadhani amegonga kichwa.

Nje jua lilikuwa kali juu ya theluji.

"Kichupa?" Grgur aliuliza akiwa kwenye machela.

"Kimekwenda na maji."

Grgur akageuza macho kwenye mlango wa pango. "Bega halitapona kabla ya vuli."

"Nani kakualika kurudi?"

"Hujanialika bado."

Daktari akamwomba Nevenka apishe. Alitaka kupisha, lakini vidole vilikataa kufunguka. Ikabidi wakate mkanda.