Gauni Lisilo na Mfuko

Fundi aliweza kusahau sura ya mtu, lakini si kiuno chake. Kila aliyeshonewa nguo katika chumba chake aliandikwa kwenye daftari: bega, kifua, kiuno, urefu. Mteja akirudi baada ya mwaka na kuapa kwamba hajanenepa, Fundi alifungua daftari, akamwonyesha namba, wakacheka wote wawili.

"Tepu haina haya," alipenda kusema.

Nguo za mdogo wake alizishona kwa namna yake. Majirani walimwita mdogo huyo Kicheko, maana alicheka hata kabla hujamaliza kusema. Kicheko alikuwa na kifafa tangu utotoni. Alimeza dawa asubuhi na jioni, na akiimeza hakuanguka. Kwa hiyo kila gauni lake lilikuwa na mfuko upande wa kulia, wenye kifungo, wa kutunzia dawa.

Kisha mume wa Kicheko akafariki. Ndugu walikuja, wakalia naye, na siku ya nne wakarudi makwao. Fundi naye akarudi kwenye cherehani, maana sare za shule zilikuwa zinamsubiri. Waliobaki na mjane ni watu ambao hakuna aliyewajua vizuri. Walitoka Nyumba ya Utulivu, ile yenye geti la kijani nyuma ya kiwanda cha matofali. Walimfulia, walimpikia, walimshika mkono mpaka akapata usingizi. Walimwambia hawajawahi kuona moyo safi kama wake. Fundi alishukuru. Afadhali amepata wa kumfariji, aliwaza, mimi kazi zimenifika shingoni.

Baada ya miezi miwili Kicheko alihamia huko. Akamletea dada yake kazi kubwa: magauni thelathini ya kijivu, ya kina mama na wasichana wa Nyumba. Alikuja na mama mmoja aliyetabasamu muda wote.

"Yasiwe na mifuko," alisema yule mama. "Hata mmoja."

Fundi alifurahia kazi. Alipima watu, akashona, hakuuliza kitu. Kiongozi wao, waliyemwita Mlezi, naye alikuja akinukia marashi. Akapimwa suruali mbili.

Miezi mitatu ikapita, magauni yakarudi. Yote yalikuwa yanapwaya. Yule mama wa tabasamu alitaka yapunguzwe. Suruali za Mlezi nazo zilirudi, ila zenyewe zilitakiwa kupanuliwa.

Fundi akapima watu upya. Alipofika kwa mdogo wake, alipima mara mbili. Kiuno cha inchi thelathini na nne kilikuwa thelathini kasoro mbili.

"Mdogo wangu, unakula kweli?"

"Anafunga," akajibu yule mama. "Anajisafisha."

"Nimemuuliza yeye. Kicheko, dawa unameza?"

Kicheko aliangalia sakafu. "Mlezi anasema dawa ni ya wenye shaka. Niliiacha wiki iliyopita."

Fundi alishindwa kujizuia. "Una wazimu wewe? Mjinga mkubwa. Umekubali kuuawa na tapeli?"

Mama wa tabasamu alimgusa Kicheko begani. "Si tulikuambia? Tulisema ndugu zako watakutukana."

Kicheko aliitikia kwa kichwa. Wakaondoka pamoja, na magauni yakabaki mezani.

Fundi alikuwa bado anajifuta machozi Bi Ustawi alipofika kuchukua sketi yake. Huyu alikuwa afisa wa ustawi wa jamii, na aliishi nyumba ya tatu kutoka hapo. Hakuchukua sketi. Alivuta kiti, akasikiliza yote.

"Lakini mdogo wangu si mjinga," Fundi alisema. "Amesoma kunizidi."

"Nani kasema ni mjinga? Watu hawa hawaingii kwa mlango wa ujinga. Wanaingia kwa mlango wa majonzi. Mtu amefiwa, au amefukuzwa kazi, au ni mgeni mjini hana wa kuongea naye. Hapo ndipo wanapobisha hodi."

"Na mimi nikawashukuru."

"Wengi huwashukuru. Kwanza wanakuvika kilemba cha ukoka: wewe ni safi, wewe ni mteule. Ukishalewa sifa, wanakuomba utoe siri zako mbele ya watu."

"Za kumshika nazo baadaye."

"Umeelewa haraka. Kisha unatengwa na ndugu. Kisha unanyimwa chakula na usingizi, kidogo kidogo, mpaka kichwa kinachoka. Mwenye njaa hana nguvu ya kubisha." Bi Ustawi alinyanyua gauni moja mezani, akaligeuza. "Kwa nini halina mfuko?"

"Walitaka hivyo."

"Mtu huweka nini mfukoni?"

"Simu," alisema Fundi. "Kitambulisho. Dawa." Akalitazama gauni. "Kikulacho ki nguoni mwako, Bi Ustawi. Na nguo nimeishona mimi."

Hasira ilimpanda mpaka masikio yakamwaka moto. Yaani mtu mzima amekaa kitako, amefikiri, amepanga jinsi ya kumnyang'anya mjane dawa yake, akaona njia rahisi ni kumnyima mfuko. Na mtu huyo anaitwa Mlezi. Amelea nini, zaidi ya tumbo lake?

"Naenda kumvuta mdogo wangu kwa nywele," alisema.

"Ukimvuta, atarudi kwao mbio. Walitabiri kwamba utamtukana, na wewe ukawatimizia. Akija kujaribu gauni, mwombe radhi. Mwambie mlango wako uko wazi. Kisha muulize swali, usimpe jibu. Jibu atakaloliona mwenyewe ndilo atakaloliamini." Bi Ustawi alilivuta daftari. "Hapa kuna wasichana wadogo. Viuno vyao vimepungua?"

"Vyote."

"Hilo haliwezi kusubiri. Mtoto kunyimwa chakula ni kosa la jinai. Na kuacha dawa ya kifafa ghafla kunaweza kuua. Naenda polisi na hospitali leo hii. Acha ninakili namba zako."

Siku mbili baadaye Kicheko alikuja kujaribu gauni. Mama wa tabasamu alikuja naye, lakini nyuma ya pazia palitosha watu wawili tu. Akabaki nje.

"Nilikutukana," Fundi alinong'ona. "Nisamehe, mdogo wangu. Mlango wangu uko wazi siku zote. Ukija hutaulizwa kitu."

Fundi alimzungushia tepu kiunoni.

"Mlezi naye anafunga?"

"Anafunga kutuzidi, dada. Anateseka kwa ajili yetu sote."

Fundi alifungua daftari. Kicheko, kutoka thelathini na nne hadi ishirini na nane. Msichana mdogo kuliko wote, kutoka ishirini na mbili hadi kumi na tisa. Viuno thelathini vilikuwa vimepungua. Kimoja tu ndicho kilichoongezeka: Mlezi, kutoka thelathini na nane hadi arobaini na mbili.

"Umekosea kupima," alisema Kicheko.

"Suruali yake ile pale. Nimeipanua kama alivyotaka. Pima mwenyewe."

Kicheko alipima. Akapima tena. Fundi akamtia pakiti ya dawa mkononi.

"Sina pa kuiweka, dada."

"Unapo." Fundi aligeuza mshono wa ndani wa gauni. Palikuwa na mfuko mdogo, mwembamba, wa kitambaa kilekile.

"Mnachelewa," ikasema sauti nje ya pazia.

Kicheko alivaa gauni, akatoka. Fundi hakushona kitu siku ile.

Asubuhi ya siku ya tatu Kicheko alisimama mlangoni, peku.

"Ulisema sitaulizwa kitu."

"Sikuulizi. Kaa, ule."

Mchana wa siku hiyohiyo, kibali cha upekuzi kilipopatikana, polisi walifika kwenye geti la kijani wakiwa na Bi Ustawi na daktari. Wasichana walipelekwa hospitali. Mlezi alipelekwa kituoni, na stoo yake ilikutwa imejaa vyakula.

Kicheko alirudia matibabu, lakini hakupona kwa siku moja. Kilichomuuma Fundi kuliko vyote kilikuwa maji. "Dada, naruhusiwa kunywa maji?" Mwanamke aliyezika mume, mwenye akili zake timamu, alikuwa anaomba ruhusa ya maji. Fundi alijibu kila mara, "Ni yako," kisha akaenda nje kulia kwa hasira. Kila wiki Kicheko alizungumza na mshauri wa hospitali aliyetafutwa na Bi Ustawi.

Katika mwezi wa pili wa matibabu alisimama mbele ya cherehani. "Nipime. Nataka gauni. Jekundu."

Kiuno kilifika thelathini na moja. "Mfuko mmoja?" aliuliza Fundi.

"Miwili. Mikubwa."

Kabla tepu haijafika begani, Kicheko aliondoka, akaenda kwenye jagi, akamimina maji, akanywa yote. Hakumuuliza mtu. Fundi alijifanya anatafuta pini.