Dang'a ni Haki ya Ndama

Kila asubuhi Ng'washi alikamua ng'ombe, na mumewe Malimi akafagia zizi. Waliishi Shishiyu, wakilima pamba na mahindi. Lakini mwaka ule ndama wawili walizaliwa, na wote wawili wakafa. Waliharisha siku ya pili. Siku ya tatu hawakuamka.

"Kuna mtu ana jicho baya," alisema Malimi. Akamtaja jirani yao, Mektilda. Akamkataza mkewe kwenda kwake. Ng'washi aliumia sana. Mektilda alikuwa rafiki yake wa siku nyingi.

Ndama wa tatu alipoanza kuharisha, Ng'washi alimpigia simu Benedikta, afisa mifugo wa kata. Benedikta akafika na pikipiki.

"Mwangaluka, mayu!" alimwamkia mama mwenye nyumba kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mwanangu. Njoo uone."

Benedikta alichukua kinyesi cha ndama, akakitia kwenye kichupa, akakipeleka maabara. Alimpa ndama maji yenye chumvi na sukari, lakini alikuwa amechelewa. Ndama akafa.

Baada ya wiki tatu Benedikta alirudi na majibu. Uso wake uling'aa.

"Baba Malimi, mchawi wenu amepatikana!"

Malimi akasimama. "Nani?"

"Bakteria. Ni kidudu kidogo mno, hakionekani kwa macho. Wataalamu wamesoma vinasaba vyake, yaani maagizo anayozaliwa nayo kila kiumbe. Wameona kinatengeneza protini zilizo kama kulabu. Kwa kulabu hizo kinajishikiza kwenye utumbo wa ndama, kisha kinatoa sumu. Tena ile dawa ya unga unayonunua mnadani haikiui. Kimeshaizoea."

"Sasa tufanye nini?" aliuliza Ng'washi.

"Ndama akizaliwa, mnampa dang'a, yale maziwa ya kwanza ya manjano?"

"Hatumpi," alisema Malimi. "Ni mazito, machafu. Tunayamwaga."

"Aa, baba! Mnamwaga dawa! Mama yake ameishi na kidudu hiki zizini. Mwili wake umetengeneza kinga, na kinga hiyo imo ndani ya dang'a. Inazifunika zile kulabu zisishike. Ndama anyonye ndani ya saa mbili. Akikaa hadi kesho, utumbo wake hauipokei tena. Na alale pakavu, pasipo na mavi."

Wiki iliyofuata ng'ombe mwekundu alizaa mchana. Malimi, kwa mazoea, akachukua kibuyu akamue na kumwaga.

"Weka chini!" alisema Ng'washi. Hakuwahi kumkaripia hivyo. Akamwinua ndama, akamtia chuchu mdomoni. Ndama akanyonya mpaka povu likamtoka. Wakamlaza kwenye nyasi kavu.

Siku ya pili ikapita. Siku ya tatu Ng'washi aliogopa kutoka nje. Akasikia Malimi akiita:

"Mke wangu! Amesimama! Ananipiga kichwa!"

Jioni hiyohiyo Malimi alikwenda mwenyewe kwa Mektilda. Akavua kofia. "Dada, nilikukosea. Nisamehe." Mektilda akacheka, akamkaribisha ugali.

Mvua zilipoisha, ndama watano walikuwa wamezaliwa, na wote walikuwa hai. Asubuhi moja walivunja uzio, wakapita mbio juu ya pamba iliyoanikwa. Malimi aliwafukuza na kandambili moja mguuni, akapiga kelele, akateleza, akaanguka. Ng'washi na Mektilda walicheka mpaka wakashikana mikono, na Malimi naye, pale chini, akacheka kuliko wote.